Ya Nne Ndiyo Bora, na Nitathibitisha

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Likizo ya shule imeanza. Binti yangu amebandika karatasi kubwa ya manila ukutani, juu ya televisheni. Tunazipanga filamu saba za Kamanda Radi, kuanzia bora hadi mbovu. Tumezitazama mpaka tunawatangulia waigizaji kusema. Nimeiacha gundi ikauke kwenye brashi ili nisichelewe kikao.

Kwa kizazi kitakachosoma shajara hii: Kamanda Radi ni askari mstaafu ambaye anataka kulima nyanya tu. Kila filamu huanza akimwagilia nyanya na kuisha jiji likiwaka moto.

Bora ni ya nne. Hilo halina mjadala. Ndiyo filamu pekee ambamo kochi linaokoa maisha ya mtu. Kamanda anajificha ndani ya kochi, maadui wanalisukuma dirishani, kochi linatua barabarani, yeye anatoka na kurekebisha kola. Mimi ni fundi wa makochi. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimama kwa heshima, hadi waliokaa nyuma wakaniomba niketi.

Binti ameiweka ya mwisho. Anasema mtu haingii ndani ya kochi. Ananiambia mimi. Ana miaka kumi na mmoja, na nyumbani tunamwita Jaji kwa jinsi anavyokutazama kabla hujamaliza kudanganya.

Juu kabisa ameweka ya pili, ile ya daraja. Nikauliza nani kamtia maneno hayo. Mjomba wake. Nilijua. Shemeji yangu huyu anauza kava za simu, watu humwita Kava. Kama akili ni nywele, basi yeye ana kipara tangu shuleni. Tena kampa Jaji tiketi mbili za filamu ya nane, Jumamosi, achague mwenyewe wa kwenda naye. Wema wa aina hiyo una kitu nyuma yake.

Jaji amesema atakwenda na yule ambaye mpangilio wake utasimama hadi Ijumaa. Hawezi kukaa gizani karibu na mtu asiyejua filamu.

Sawa. Vita.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimependekeza tutoe alama badala ya kubishana. Mtego mzuri. Nikaorodhesha vigezo: ujasiri, mavazi, nyanya, na heshima kwa samani. Jaji akakubali vyote bila kinyongo. Nikaanza kupiga mluzi.

Kisha akaongeza kigezo kimoja chake. Ukweli.

Akachukua futi yangu ya kazini, akapima kochi letu la sebuleni, akanipima mimi kuanzia bega hadi bega, kisha tumbo. Tumbo alilipima mara mbili, nadhani hakuamini. Akaandika sifuri. Nikamweleza kwamba kochi la kwenye filamu ni la kigeni. Akauliza kama tumbo la Kamanda nalo ni la kigeni.

Ya nne bado inashika mkia.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nikakumbuka kwamba mama mtu hajapiga kura. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nimeamka mapema nikaosha gari lake la kazi, lile lenye bango la shule ya udereva juu. Nikasugua mpaka kofia za magurudumu. Nikapika chai. Akanywa, akaniuliza nimevunja nini.

Jioni akakaa nasi kutazama ya nne. Kosa langu. Mke wangu amefundisha udereva muda mrefu, na hawezi kuona gari likienda bila mguu wake wa kulia kukanyaga breki ambayo haipo. Kamanda alipopita lori kwenye kona, akavuta pumzi. Aliporuka mto kwa gari bila kufunga mkanda, akauliza nani alimpa huyu leseni. Tukio la kochi halikumgusa kabisa. Alisema tu kwamba kochi limeachwa katikati ya barabara bila alama ya tahadhari.

Kura yake ameipa ya sita. Ile wanayotumia mashua kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kosa la barabarani hata moja.

Kava alipita akacheka mpaka akaomba maji. Nilimpa ya moto.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Leo fomu za bweni zimerudi zikiwa na muhuri. Muhula ujao Jaji anahamia shule ya mbali. Mama yake ameshamnunulia ndoo na taulo. Mimi nimemuuliza Jaji tu kama huko wana televisheni. Hawana.

Kwa hiyo sasa si mchezo tena. Jumamosi lazima niende mimi.

Mpango: leo jioni tulitakiwa kuitazama ya pili kwa mara ya mwisho kabla ya hukumu. Isipoonekana, haiwezi kushinda. Filamu zote zimo kwenye flashi moja. Niliichomoa kwenye televisheni wakati Jaji anapiga mswaki, nikaenda nayo karakana, nikaitumbukiza ndani ya mkono wa kochi la Mwalimu Kengele, nikashona juu yake. Huyu ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye sauti yake ndiyo ilikuwa kengele ya shule. Hakuna mwizi angethubutu kugusa kochi lake.

Jioni tukatafuta flashi nyumba nzima. Mimi nilitafuta kwa bidii kuliko wote, hata ndani ya birika. Jaji hakuwa akitafuta sana. Alikuwa akinitazama mimi.

Kisha Kava akatokea na filamu ileile kwenye simu. Tukaitazama. Daraja likaanguka vizuri sana, sikatai.

Halafu mke wangu akauliza tena ile flashi iko wapi, maana masomo yake yote ya alama za barabarani yamo humo humo, na kesho saa tisa ana darasa.

Sikumaliza chakula.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Naandika nikiwa nimesimama. Sababu itaeleweka.

Nilifika karakana kabla ya jua kupanda. Kochi la Mwalimu Kengele lilikuwa tayari juu ya ubao wa magurudumu, mlangoni, likisubiri kupelekwa. Nikafumua mkono wake. Flashi haimo. Imeteleza ndani, kwenye springi. Nikalilaza kochi chali, nikachana kitambaa cha chini, nikaingiza mkono. Haufiki. Nikaingiza kichwa. Nikaingiza mabega, kwanza hili, halafu lile. Nikaipata. Nikataka kutoka.

Springi ilikuwa imeshika shati langu mgongoni. Nikisogea mbele inanichoma, nikirudi nyuma inanishika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ila wahenga hawakusema anatokaje.

Nilikaa humo kitambo. Ndani ya kochi kuna utulivu wa kushangaza. Kisha nikasikia ndala za Jaji. Alikuwa ameniletea chai ya asubuhi.

"Baba, unafanya nini humo?"

Hapo ndipo ubongo wangu, ambao watu hawaujui vizuri, ulipofanya kazi yake.

"Nathibitisha. Ulisema mtu haingii ndani ya kochi."

Nikasikia akizunguka. Akagonga mbao, akainama kuangalia.

"Miguu iko nje."

"Miguu ni jambo dogo."

"Kamanda aliingia mzima."

Basi nikavuta miguu ndani. Yote miwili. Ilikuwa fahari ya kazi. Kochi likayumba, ubao ukasogea, na magurudumu, ambayo nilikuwa nimeyapaka grisi mimi mwenyewe, yakaanza kuteremka kwenye ule mteremko mdogo wa saruji mbele ya karakana.

Sikuona kitu. Nilisikia. Nilimsikia mshona nguo akilisalimu kochi, ingawa hakujua nimo. Nilisikia kuku. Nilimsikia Jaji akikimbia pembeni yangu akicheka kwa namna ambayo sijaisikia tangu akiwa mdogo wa kubebwa. Halafu tukagonga marobota ya muuza mitumba na kila kitu kikasimama.

Springi ikaniachia, ila ilikuwa imenichoma hadi pale ninapokalia. Nikatoka. Nikanyoosha mkono nirekebishe kola, lakini kola ilikuwa imebaki ndani, kwa hiyo nikarekebisha shingo.

Mbele yangu alikuwa amesimama Mwalimu Kengele. Alikuwa amekuja kuangalia kochi lake. Akaniuliza taratibu kama kuna mwingine humo ndani. Nikasema hapana, Mwalimu. Na hapo, nikiwa bado nimeshika shingo, flashi ikaanguka kutoka kwenye mkono wa shati langu.

Jaji akaiokota. Akaigeuza. Akanitazama kwa muda. Nikasema lazima iliingia yenyewe.

Mwalimu Kengele akaniamuru nirudi karakana nisimame nikitazama ukuta mpaka nitakapokuwa tayari kushona upya. Nilisimama. Nina miaka arobaini na tatu.

Flashi ilifika darasani kwa mke wangu kabla ya saa tisa. Hajaniuliza kitu mpaka sasa. Naogopa zaidi kuliko kama angeuliza.

Hukumu ilisomwa jioni, Kava akiwepo. Jaji alisema ushahidi ni ushahidi: mtu anaingia kwenye kochi, anateremka nalo, anatoka mzima. Akaihamisha ya nne kutoka mkiani mpaka kileleni. Nikanyoosha mikono juu. Akasema hajamaliza.

"Kochi limeshinda," akasema. "Wewe umeshindwa. Umeficha ushahidi."

Atakwenda na Mjomba.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Wameondoka mchana. Kava amevaa miwani ya jua, naye anakwenda kukaa gizani. Jaji aligeuka mara moja getini, nikajifanya nakagua bawaba.

Nilikwenda karakana kushona. Mke wangu akaja na chai, akakaa kwenye stuli. Akasema nilipaswa kumwambia tu mtoto kwamba nataka kwenda naye, badala ya mzunguko wote huu. Nikasema nilikuwa na mkakati. Akasema ameona mkakati ukiteremka barabarani bila breki.

Jioni Jaji akaja mbio moja kwa moja karakana, hata nyumbani hakupita. Mjomba alisinzia kabla ya nyanya kuiva. Alikoroma filamu nzima, na yeye hakuwa na mtu wa kumwambia chochote. Kwa hiyo akaniambia mimi, yote, tangu mwanzo. Akapanda juu ya makochi. Akawa Kamanda, akawa adui, akawa helikopta. Mimi nilipewa nafasi ya bwawa la kuogelea, na nadhani nililicheza kwa hisia. Jua likazama hatujafika katikati.

Akasema huko bweni atakuwa ananiandikia filamu kwa barua, ila nikijibu nisidanganye nani bora. Nikasema vumbi la sponji linaniingia machoni. Alinitazama, akaniacha nimalize uongo wangu. Mara ya kwanza.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Siku ya toba. Nimetafakari sana. Nimewadanganya watu wa nyumba yangu, nimechana kochi la mwalimu wa watu, nimetazama ukuta. Sasa ni mtu mpya. Nimemwambia mke wangu hivyo, akasema atasubiri mpaka baada ya chakula.

Wakati wa chakula Jaji akatangaza kwamba ya nane ameiweka nambari moja. Juu ya kochi. Eti kwa sababu Kamanda anavuka bwawa zima akiwa amesimama juu ya godoro.

Ya nane sijaiona. Lakini namheshimu mtoto, kwa hiyo nimemwambia kwa upole kwamba si kweli, godoro huzama. Akasema nithibitishe. Jumatano tunakwenda kuitazama, mimi na yeye peke yetu, kwa hiyo ushahidi unatakiwa kabla.

Nyuma ya shule ya udereva kuna hoteli yenye bwawa, na kiti cha mlinzi wake kiko kwangu hakijaisha; nikikimaliza, atanifungulia. Godoro ninalo karakana tangu jana, la kubadilishwa kitambaa, zuri, zito, bado liko kwenye nailoni.

Ni la Mwalimu Kengele. Hatajua.