Koki ya Bunduki ya Marehemu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo mama mkwe ameitoa uvunguni bunduki ya upepo ya marehemu mumewe na kuilaza mezani, katikati ya vikombe. Ametamka mbele ya mashahidi (mke wangu, dada yake, na mume wa huyo dada, yaani mwanyumba wangu, muuza mapazia) kwamba atakayeifungua kabla ya Jumapili ataichukua, pamoja na kiti cha marehemu. Kiti! Kile chenye mikono! Tangu nioe na kuhamia nyumba hii nakalia stuli.

Hitilafu yenyewe ni hii. Ubavuni mwa bunduki ipo koki ndogo, mithili ya koki ya bomba la maji. Ukiizungusha, tundu hujitokeza, watumbukiza kirisasi, wairudisha, wafyatua. Haizunguki. Imeganda kana kwamba imechomelewa. Swali linaloninyima utulivu: kwa nini? Marehemu aliipaka mafuta kila wiki. Bunduki nzima inang'aa. Koki peke yake ndiyo iliyogoma.

Mwanyumba, ambaye huniita Bwana Barua kwa sababu ya kazi yangu ya ukarani, akasema, Bwana Barua, hiyo haifunguki kwa maombi ya maandishi. Watu wakacheka. Nimeliweka moyoni.

Jumanne, tarehe 5

Nimetia mafuta ya cherehani. Nimesubiri kwa staha. Hakuna mabadiliko. Nimetia mafuta ya taa. Vivyo hivyo. Mke wangu ameuliza ni kwa nini mito ya sebuleni inanuka mafuta ya taa. Nimemjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Nimemulika mwanya wa koki kwa tochi. Ndani mna kitu cha rangi ya kahawia, kigumu, king'aacho kama kipande cha chupa. Kutu haing'ai. Grisi haiwi ngumu kiasi hicho. Ni nini basi? Sikula vizuri.

Jumatano, tarehe 6

Mwanyumba amekuja na koleo. Nimemwonya, kwa lugha rasmi, kwamba chombo cha kale hakishurutishwi. Akaniambia nimpishe, hotuba nitampa baadaye. Akauma meno, akavuta, koleo likateleza, akajigonga pua. Nimesikitika ipasavyo. Nimempa kitambaa, kisha nikaenda kucheka nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, tarehe 8

Jambo la ajabu! Sisimizi! Mstari mmoja kutoka dirishani, juu ya meza, moja kwa moja hadi kwenye koki. Ni nani aliyewahi kusikia sisimizi akipenda chuma? Nimewachunguza asubuhi nzima, nikiwa nimepiga magoti. Nadharia yangu ya kwanza: wanavutwa na mafuta ya cherehani. Lakini chupa ya mafuta ipo wazi pembeni, wala hakuna aliyeisogelea. Nadharia ya pili: sumaku. Hii ndiyo yenye mashiko.

Mama mkwe amepita, akawatazama, akaguna. Akasema wadudu hawa wamesoma kuliko watu fulani. Hakufafanua ni watu gani. Pengine mwanyumba.

Jumamosi, tarehe 9

Sisimizi wamevuka mipaka. Wameingia kwenye mkate. Mama mkwe akachukua birika la maji yaliyochemka na kuwamwagia palepale, bunduki ikiwemo! Nikapaza sauti kwamba maji ni adui wa chuma. Akasema tulia, baba, hebu zungusha sasa.

Nikazungusha. Ikazunguka! Laini kama kitasa kipya! Maji ya kahawia yakachuruzika. Nimeyaonja kwa ncha ya kidole, kwa ajili ya elimu. Matamu.

Ndipo akakiri, huku akicheka mpaka akaketi. Marehemu alikuwa na tabia ya kukaa barazani na kulenga vibanio vya nguo kambani, mashuka yakiwa yameanikwa. Mama mkwe alimsihi, hakusikia. Basi akachemsha sukari ikawa shira nzito, akaimimina ndani ya koki. Marehemu akahangaika na mafuta mpaka mwisho wa uhai wake, asijue. Mafuta na sukari wapi na wapi, alisema. Kisha akafuta meza. Akasema nyumba imekuwa kimya mno, ndiyo maana ameitoa.

Amenikabidhi bunduki kwa kuwa mkono uliozungusha ni wangu. Sharti ni moja: nisiielekeze kambani. Nimeapa kwa maneno kamili, nikiwa nimesimama.

Jumapili, tarehe 10

Nimekalia kiti. Mwanyumba yupo kwenye stuli, pua imevimba. Siku tukufu!

Baada ya chakula nikajiwa na swali, na swali likinijia haliagi. Je, kweli kibanio chaweza kupigwa kutoka barazani? Huu si ukorofi, ni utafiti. Nikachagua kibanio cha buluu. Nikashusha pumzi. Nikafyatua.

Jibu: hakiwezi. Shuka la mama mkwe, lile la maua, sasa lina tundu katikati ya ua. Mwanyumba alipiga makofi. Mama mkwe alilianua, akalikunja vizuri, akaingia jikoni. Nikasikia sufuria ikiinjikwa. Nimefarijika sana. Mwingine angenuna, yeye anapika.

Jumatatu, tarehe 11

Chai haina sukari. Nimeuliza. Nimejibiwa kwamba imekwisha yote jana jioni. Nimeeleza kutoridhika kwangu.

Koki imeganda tena! Bila shaka ni yale maji ya moto, nilitahadharisha, sikusikilizwa. Sisimizi nao wamerejea. Nadharia ya sumaku yazidi kupata nguvu. Mwanyumba amepita kunijulia hali, akaitazama chai yangu, akaitazama koki, akaanza kucheka hata akashindwa kueleza anachochekea. Wivu.

Mama mkwe ameniuliza, kwa upole mkubwa, sasa nitafanyaje. Nimemjibu nikiwa kitini, mikono yangu juu ya mikono ya kiti, kwamba asiwe na wasiwasi hata kidogo. Naelekea dukani sasa hivi. Mafuta ya cherehani, safari hii chupa kubwa.