Nishani ya Mkuu wa Kaya

Jumanne ya tarehe ishirini na tano Julai 2023, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umeukalia uwanja wa Lushoto, mzee Sefania wa Mponde alitangazwa kuwa shujaa wa vita, na kuanzia saa hiyo mambo yake yote yakaenda mrama.

Tangazo lenyewe lilikuwa zito, la kipaza sauti. "Kwa mamlaka iliyokabidhiwa Idara ya Heshima na Utambuzi wa Mashujaa, na baada ya Idara kujiridhisha pasipo shaka, wananchi mnatangaziwa kwamba kasoro iliyokaa kwenye kumbukumbu za vita vya Kagera kwa miaka arobaini na minne, leo imerekebishwa."

Watu wakapiga makofi. Sefania akapiga kuliko wote, maana kasoro hiyo ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeipeleka ofisini na kuifuatilia, akapanda nayo mlima na kushuka nayo, mpaka viatu vikachoka kabla yake. Ndani ya koti alikuwa amekumbatia picha ya marehemu mkewe, Yunis, akiwa kwenye magwanda, kofia imelala kidogo upande. Alitaka Yunis naye asikie.

Kisha likaitwa jina, na jina lilikuwa Sefania.

Akadhani anaitwa kumpokelea. Akapanda jukwaani. Mratibu wa Idara, Bwana Zuberi, kijana aliyesoma mpaka akawa anaongea kama barua, akamchomeka nishani kifuani. Pini ikapita koti, ikapita shati, ikamfikia mwenyewe.

"Hongera, mpiganaji."

"Si mimi," akasema Sefania. "Ni mke wangu."

"Na mkeo naye hongera," akasema Zuberi, akampigia saluti.

Ukweli wa jambo hili haukuwa mgumu, na labda ndiyo maana ofisi ilishindwa nao. Katika nyumba ile, mwaka wa vita, askari alikuwa Yunis. Alikuwa muuguzi wa jeshi. Sefania hakuwa askari wa kitu chochote. Alikuwa mchuma chai. Mkewe alipoitwa kikosini, mtoto wao wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Yunis akatoa doti yake ya khanga, yenye michoro ya korosho nyekundu, akaikata katikati. Kipande kimoja akakitia kwenye begi. Cha pili akamfungia nacho Sefania mtoto mgongoni, akakaza fundo kifuani, akamwambia, "Usimwachie mama yangu. Anambeba vibaya." Jina la khanga ile lilikuwa MZIGO WA MWENZIO KANDA LA USUFI.

Basi Sefania akachuma chai na mtoto mgongoni, Mponde nzima ikimcheka, na Yunis akaenda vitani. Huko akamkuta luteni amelala kwenye kinamasi, paja limepitiwa na risasi, wenzake wameshatangulia. Machela hakuna. Akambeba kwa namna anayoijua mwanamke wa milimani: akajitupia mgongoni, akamkaza mbeleko kwa ile khanga, akatembea naye mpaka kukapambazuka. Luteni akachukuliwa na gari la wagonjwa akiwa bado amejifunika khanga ya watu. Yunis aliporudi nyumbani, Sefania akamuuliza iko wapi.

"Nimemwachia mtoto," Yunis akasema. "Ana masharubu, lakini usiku kucha alikuwa ananiita mama."

Jeshi likaandika kwamba amestahili nishani na kwamba ataitwa kuvishwa. Halafu kumbukumbu zikahamishwa, na huko zilikofika akaonekana ni mpishi asiye na nishani. Yunis akangoja kuitwa. Alingoja mpaka masika ya 2021, akaitwa na Mungu, ambaye hana mratibu. Mchungaji akaandika msalabani: Yunis, mke wa Sefania. Sefania akaomba liongezwe neno askari. Mchungaji akajibu kwa upole kwamba kanisa huandika kinachojulikana. Hapo ndipo Sefania aliposhika njia kwenda kumtafuta wa kukijua.

Sasa alikuwa amempata. Jumatatu baada ya kuvishwa, akarudi ofisini, nishani iko ndani ya kikapu. Zuberi alipomwona akasimama wima.

"Shikamoo, shujaa."

"Marahaba. Mimi si shujaa."

"Ndivyo wasemavyo wote, mzee wangu. Waoga ndio wanaokubali upesi."

Sefania akamweleza tangu mwanzo. Zuberi alisikiliza kwa heshima zote, kisha akamweleza naye, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya msalani. Idara haikukosea. Idara ilipata ushahidi kamili wa kitendo cha ushujaa kilichofanywa na mtu wa nyumba ile. Ikauingiza kwenye mfumo. Na mfumo, kama mfumo wowote wenye akili, ukauliza mkuu wa kaya ni nani.

"Mbolea ya ruzuku inaingia kwa nani, mzee?"

"Mkuu wa kaya."

"Chandarua?"

"Mkuu wa kaya."

"Ushujaa sasa utaingia kwa nani, kwa jirani?"

Sefania akauliza kama huyo mkuu wa kaya hawezi kuondolewa. Zuberi akasikitika. Alisema mkuu wa kaya haondolewi, hufa. Na kwamba mzee akishatimiza hilo, aje ofisini waone namna ya kumsaidia.

Hata hivyo Idara si ya kudharau malalamiko. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amepewa heshima, iliundwa Kamati ya Kuthibitisha Kutokuwa Shujaa. Ikaja Mponde na magari mawili yaliyokwama pamoja kwenye tope moja. Wanakijiji wakayasukuma. Kamati ikaketi uani kwa Sefania, ikala kuku wake, ikamwagiza alete mashahidi ambao hawakumwona vitani.

Hilo halikuwa gumu, kijiji kizima kilikuwa hakijamwona vitani. Akamleta jirani yake, mzee Rashidi, aliyechuma naye chai siku zote hizo.

Rashidi akaapa kwa Mungu mmoja kwamba mwaka wa vita Sefania hakuvuka hata Mombo. Alikuwa yupo tu, na mtoto mgongoni. Na siku lilipopita lori la kuandikisha mgambo, aliingia kwenye mahindi akalala chini mpaka jioni.

Mwenyekiti wa Kamati akaacha kutafuna. Akauliza kama alilala kifudifudi. Rashidi akasema ndiyo, kifudifudi. Akauliza kama mtoto alilia. Rashidi akasema hata kidogo.

"Andikeni," akasema mwenyekiti. "Mbinu za kujificha, daraja la juu."

Wakapeana mikono wote. Sefania akamtazama Rashidi. Rashidi akatazama mifupa ya kuku.

Matokeo ya uchunguzi yalikuwa mawili. La kwanza, njia ya kwenda kwa Sefania, ile iliyonasa magari, ilipewa jina la Barabara ya Shujaa Sefania. Bango likaja, zuri, la chuma, likachimbiwa pembeni ya tope. Tope likabaki kama lilivyo. La pili lilitoka kwa maandishi yenye mhuri na likabandikwa mpaka kwenye kibanda cha chai, ambako vijana walikuwa wamezoea kumwomba awasimulie alivyowatandika adui kwa tenga la majani. Waraka ulisema kwamba kuanzia sasa neno la Shujaa Sefania kuhusu vita ndiyo kumbukumbu rasmi, na hapana mtu, awe raia au mtumishi, awe na cheo gani, atakayelipinga.

"Si unaona?" Zuberi alimwambia. "Tumekulinda."

Sefania akauliza kama neno lake halipingwi, mbona akisema si yeye, linapingwa. Zuberi akasema waraka unahusu vita, na yeye kusema hakwenda vitani si habari ya vita, ni habari ya nyumbani.

Pengine angechoka. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na Rashidi alikuwa akimwambia kila jioni, "Kubali, mgoshi. Nyumba ni moja. Kwani Yunis atakuja kugomba?" Sefania alikuwa anajibu kwamba laiti angekuja kugomba. Lakini likaja la jiwe. Idara ilitangaza kwamba Siku ya Mashujaa ya mwaka 2024 jina la shujaa wa Mponde litachongwa kwenye jiwe pale uwanjani, lisifutike hata dunia ikipinduka. Karatasi inaoza, mfumo unazima umeme ukikatika, lakini jiwe likishaandikwa limeandikwa. Yunis angebaki mke wa mtu milele, chini ya ardhi na juu yake.

Na ili sherehe ipendeze, Idara ikamtafuta yule luteni aliyeokolewa. Ikampata. Alikuwa sasa Brigedia mstaafu, jina lake Danieli, mtu mwenye shamba, kitambi, na mwenyekiti wa mambo mengi. Kumbe habari ya kuokolewa kwake ilikuwa maarufu huko aliko. Aliisimulia kwenye harusi. Katika masimulizi hayo alibebwa begani na dume la Kisambaa, kifua kama mlango wa kanisa.

Idara ikamwandikia kwamba dume limepatikana.

Siku ikafika. Jiwe lilisimama limefunikwa shuka jeupe, fundi kando yake na patasi. Brigedia akashuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja kwa Sefania, ambaye ukimweka kwenye mizani pamoja na koti hafiki kilo hamsini na tano, akamkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi.

"Sura hii," akaliambia kundi, "siwezi kuisahau mpaka kaburini."

Zuberi akafuta machozi. Wapiga picha wakapiga.

Kisha Brigedia akawaonyesha alichokuja nacho uwanjani: sanduku la kioo, na ndani yake kitambaa kilichokunjwa vizuri, chekundu kwenye ukingo, na damu kavu ya miaka mingi. Akaeleza kwamba ile ni bendera ya adui. Shujaa huyu aliichana kwa mikono yake miwili akamfungia jeraha. Leo anaikabidhi kwa taifa, iwekwe chini ya jiwe. Makofi yakalia mpaka kunguru wakahama miti.

Sefania hakupiga makofi. Alikuwa ametoa macho kwenye ukingo ule mwekundu. Korosho anazijua. Amezifua na kuzianika, na zimekojolewa zikiwa mgongoni mwake.

Alipopewa kipaza sauti kutoa neno la shukrani, wote waliomfahamu wakajua atasema kama kawaida yake kwamba si yeye. Zuberi alikuwa ameshajiandaa kusifu unyenyekevu wake.

"Waheshimiwa," akasema Sefania, "leo nimekubali. Ni mimi."

Zuberi akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Rashidi, katikati ya watu, akainamisha kichwa.

"Na waraka unasema neno langu la vita halipingwi. Mratibu, si ndivyo?"

"Ndivyo, shujaa. Halipingwi na yeyote."

"Awe na cheo gani."

"Awe na cheo gani."

"Basi nasema ile si bendera." Akainama kwenye kikapu chake, akatoa khanga iliyopauka, akaikunjua akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama wafanyavyo wauza nguo wa mnada wa Soni. Korosho nyekundu, pindo jekundu. "Ile ni pacha wa hii. Fungueni kioo muisome. Hii imeandikwa mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Kama ya Brigedia imeandikwa kwa lugha ya adui, fundi aanze kuchonga."

Hakuna aliyefungua kioo. Haikuwa lazima, mama mmoja wa mstari wa mbele, muuza pea, alishainua shingo akaziona herufi za U na S na U kwenye kunjo, akazisoma kwa sauti, na uwanja mzima ukamalizia.

Brigedia akasema vita vina mambo mengi na kumbukumbu huchanganyika. Sefania akakubaliana naye kabisa. Akasema ndiyo maana yeye, kama kumbukumbu rasmi, angependa kumsaidia. Akasimulia: kinamasi, risasi ya paja, mbeleko. Kwamba Afande hakubebwa begani. Alifungwa mgongoni kama mtoto, fundo mbele, miguu inaning'inia majini. Brigedia akamtazama Zuberi. Zuberi akautazama waraka wake mwenyewe, uliobandikwa kwenye nguzo ya jukwaa.

Halafu Sefania akauliza swali moja, fupi, la adabu, na kipaza sauti kikazimwa, lakini kilichelewa kuzimwa.

Brigedia aliteremka kwenda Mombo bila kula, akaliacha sanduku, na Sefania akaitoa khanga ya mkewe akaitia kikapuni. Fundi alikunja patasi zake. Jiwe bado limefunikwa shuka, ambalo kwa sasa si jeupe, na mbuzi wamezoea kulala upande wa kivuli. Idara haiwezi kuchonga jina la Sefania kabla swali halijajibiwa, maana shujaa ameuliza na shujaa hapingwi. Haiwezi kuchonga la Yunis, maana mfumo haumjui. Imeunda Kamati ya Majibu. Kamati imemwandikia Brigedia, na Brigedia amejibu kupitia msaidizi wake kwamba analitafakari. Watoto wa shule wanaopita pale uwanjani hawatafakari. Wanalipigia kelele jiwe jibu wanalolijua, wakakimbia.

Sefania hana haraka. Kila Jumatatu anapanda na khanga zote mbili kwenye kikapu, anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba, anaketi kwenye benchi, na Zuberi akitoka kumuuliza amsaidie nini leo, analirudia lile swali kama alivyomuuliza Brigedia mbele ya watu, bila kuongeza wala kupunguza:

"Afande, kama kweli mgongo ule ulikuwa wangu, usiku kucha ulikuwa ukiniita nani?"