Kifua cha Shemeji Salimu

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1975

Kuna jambo. Sijui ni jambo gani, lakini lipo. Asubuhi Mwenyekiti, Mzee Muhidini, ametangaza kwamba muuguzi kutoka Korogwe atakaa nasi siku kumi kutufundisha namna ya kumrudisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Kumrudisha kutoka wapi? Nikauliza. Watu wakacheka. Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Kuuliza ndiyo kazi yangu.

Likaja la pili. Atakayefuzu kuliko wote atakuwa Msimamizi wa Huduma ya Kwanza wa kijiji kizima. Filimbi! Kitambaa chenye msalaba cha kuvaa mkononi! Sanduku la bati lenye kufuli! Nikamtazama Bonaventura. Bonaventura akatazama juu, kama mtu anayehesabu mabati. Ofisi yetu haina bati hata moja. Imeezekwa nyasi.

Huyu Bonaventura aliletwa na Operesheni ya kuhamia vijijini mwaka jana, kutoka kambi ya mkonge upande wa Korogwe. Anasema huko alikuwa akiwafunga vidonda wakata mkonge. Anasema. Nani alimwona? Nyumba yake ni ya saba katika kumi zangu. Hata sufuria zake nazijua. Moyo wake siujui.

Nimejiandikisha wa kwanza. Mke wangu Mwantumu akajiandikisha wa pili. Nikamwuliza kwa nini. Akasema lambo la maji limejaa mwaka huu na watoto hawasikii. Jibu la haraka mno.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Muuguzi anaitwa Mama Hilaria. Mfupi. Sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa. Kaja na mdoli wa kimo cha mtu mzima, gunia lililoshonwa na kushindiliwa sufi. Anamwita Lukasi. Kwa nini Lukasi? Lukasi ni nani kwake? Nimeliweka akilini.

Somo. Ukimkuta mtu ameanguka, angalia kwanza mahali penyewe, usije ukaanguka na wewe. Mtikise mabega, mwite. Asipoitika, piga kelele watu waje. Mlaze chali, inua kidevu, tega sikio puani kwake huku macho yakitazama kifua. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja kwa shida kama samaki aliyetupwa mchangani, anza. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka. Kandamiza kwa nguvu na kwa haraka, kifua kididimie kina cha vidole vitatu, kisha kiache kirudi juu chenyewe. Halafu mbane pua na umpe pumzi mbili, mdomo kwa mdomo.

Mdomo kwa mdomo! Wazee watatu walitoka nje. Mama Hilaria akawaambia kupitia dirishani kwamba anayekufa hana haya. Mmoja akarudi.

Ile hesabu ya kukandamiza kabla ya pumzi nilikuwa nimeiandika kiganjani kwa wino. Nilipofika kwa Lukasi, jasho! Hesabu yote ikahamia kifuani kwake. Bonaventura alihesabu bila kuandika popote, sauti haipandi wala haishuki, kama anaimba kanisani. Mtu anayejua kitu siku ya kwanza ameambiwa kabla. Aliambiwa na nani?

Jumatano, tarehe 11 Juni

Leo watoto. Mtoto unamkandamiza kwa kiganja kimoja. Mtoto mchanga, vidole viwili tu. Pumzi ziwe ndogo, kifua kikiinuka basi, usimpulize kama unawasha kuni mbichi. Na aliyetolewa majini anaanziwa pumzi, maana kilichomwishia ni hewa. Mwantumu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Anajifanya anaelewa.

Kisha Mama Hilaria akasema, akinitazama mimi peke yangu, kwamba mtu anayepumua hakandamizwi kamwe. Kifua cha mzima si ngoma. Kwa nini anitazame mimi?

Saa nane nimemwona Bonaventura akimbebea Mama Hilaria ndoo ya maji. Wakasimama nyuma ya ofisi. Wakazungumza muda wa mimi kupanga upya kuni zote za jirani. Nikasogea kidogo. Walikuwa wanazungumzia kuku wenye kideri. Kuku! Mafumbo hayo. Nani anambebea mtu ndoo nzima ili wazungumze kuhusu kuku?

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimepata dawa yao. Jumamosi afisa wa afya atatoka Handeni kuja kutuona tunavyofanya. Hao wengine watamkandamiza Lukasi. Mimi nitamfufua mtu!

Nimemwendea shemeji yangu Salimu, ndugu yake Mwantumu. Nimemweleza: aanguke mkutanoni, afumbe macho, mimi nitarukia, nitamgusagusa, atazinduka na kumshukuru Mungu kwa sauti. Salimu akauliza atapata nini. Nikamwahidi jogoo wangu mwekundu. Akauliza kama kugusagusa kuna maumivu. Nikacheka. Nikamwambia ni kama kupapaswa na mama yake.

Mwantumu ameniuliza mbona nafurahi. Simwambii. Wake husema visimani.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Aibu. Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja.

Salimu alitakiwa kuanguka baada ya hotuba. Alianguka katikati ya salamu, afisa akiwa bado ameshika mkono wa Mzee Muhidini. Tena hakuangukia kwangu. Aliangukia miguuni kwa Bonaventura! Bonaventura akapiga magoti, akamtikisa mabega, akamwita, akatega sikio. Akainua uso, akasema mbele ya watu wote, "Huyu anapumua. Tena ana karanga mdomoni."

Ningefanyaje? Nikamsukuma kando. Nikaweka viganja, nikanyoosha mikono kama tulivyofundishwa, nikashuka na uzito wangu wote. Mara ya kwanza Salimu akafumbua macho. Mara ya pili likalia kitu. Ka! Kama ukuni.

Salimu akaruka wima na kunipiga teke. "Shemeji! Si ulisema utanigusa tu? Na jogoo simtaki!"

Wamesikia wote. Hadi wale wazee wawili wa dirishani.

Mama Hilaria amempima. Ubavu mmoja umepata ufa. Salimu asishike jembe mpaka apone, na apate mahali pa kulala pasipo na watoto wa kumrukia. Mwantumu amempa kitanda changu. Afisa alicheka ndani ya leso mpaka akaondoka. Kasema uchaguzi wa msimamizi auamue Mama Hilaria mwenyewe.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nani alimpa Salimu zile karanga? Bonaventura amelima karanga.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Saa kumi nilikuwa lamboni, nikiangalia nani anachota maji na nani. Nikasikia kelele upande wa matete. Bonaventura akatokea majini, maji kifuani, amembeba binti yake Rosa, wa miaka mitano. Alikuwa ameteleza akioga na wenzake. Mikono ya mtoto inaning'inia. Bonaventura akaja moja kwa moja kwangu, nilikuwa mtu mzima wa karibu. Akamlaza miguuni pangu.

"Balozi, nisaidie! Mikono yangu inakataa!"

Nikajua mara moja. Mchezo wangu! Kanakili mchezo wangu, tena kwa mtoto! Anataka nikandamize anayepumua mara ya pili kijiji kinicheke. Nikafunga mikono kifuani. Nikamwambia mchezo huo mimi niliucheza Jumamosi, hanipati.

Yeye alikuwa amepiga magoti, meno yanagongana, anajaribu kuhesabu. Moja, tatu, mbili, moja. Yule aliyehesabu kama anaimba! Nikamtazama Rosa. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Bado nikasimama.

Mwantumu alikuja mbio, ndoo ameitupa. Akatega sikio. "Hapumui. Baba Mashavu, mwite Mama Hilaria!" Nikabaki nimesimama. Nilitaka kumweleza kwamba anadanganywa. Akainua macho.

"Mhina! Kimbia!"

Miaka kumi na sita ya ndoa hajaniita jina langu. Nikakimbia. Ndala moja ilibaki kwenye tope. Nyuma yangu nikamsikia akipuliza, pumzi ndogo, kisha anahesabu, kiganja kimoja, anahesabu tena, wala hakosei.

Mama Hilaria alikuwa nyumba ya kumi, mbali kuliko zote. Tuliporudi watu walikuwa wameinama duara, na ile sauti ya Mwantumu imekwisha kukauka lakini inahesabu. Mama Hilaria akapiga magoti, hakumwondoa. Alimwambia tu aendelee hivyo hivyo, anafanya sawasawa. Kisha Rosa akatapika maji. Mwantumu akamgeuza ubavu. Akakohoa. Akalia, kilio chembamba kama cha mbuzi mchanga. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile.

Lori la pamba lilikuwa likipita barabarani. Mzee Muhidini akalisimamisha, likampeleka Rosa hospitali pamoja na Mama Hilaria, maana hata akizinduka lazima aangaliwe, maji ya mapafuni hayaaminiki. Kabla ya kupanda, Bonaventura akanishika mikono yote miwili. Ananishukuru kwa kukimbia. Mimi! Nikakosa pa kuweka macho.

Nimejaribu kuupima ule muda niliosimama, kuanzia "nisaidie" mpaka "kimbia". Nimekaa uani nikavuta pumzi, nikihesabu. Pumzi ishirini. Zote nilizivuta mimi.

Mwantumu amekaa anatazama viganja vyake.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Rosa amerudi. Amekunywa uji bakuli mbili na amemwomba baba yake amrudishe lamboni. Amechapwa kidogo, akabusiwa sana.

Mama Hilaria ameondoka na Lukasi wake. Kabla hajaondoka amemvisha Mwantumu kitambaa, kampa filimbi na sanduku. Watu wamepiga vigelegele. Bonaventura ndiye wa mwisho kabisa kuacha kupiga makofi. Mimi pia nimepiga. Kweli nimepiga.

Nimekwenda kwa Bonaventura nikamwambia ukweli wa pale lamboni, kwamba nilidhani ni mchezo. Akageuza mahindi yaliyokuwa motoni. Kisha akasema, "Mzee Mhina, ungemjua mwanangu usingedhani. Njoo umjue." Akanikaribisha mahindi ya kuchoma. Rosa akanikalia mapajani akanivuta ndevu.

Baada ya magharibi nimeapa. Sitamshuku binadamu tena maisha yangu yote. Moyo mwepesi! Nimelala mkekani kama mtoto.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Barua imetoka Handeni. Mwezi ujao atakuja bwana mmoja wa misitu kutufundisha kuzima moto wa nyika. Atakayeng'ara atapewa kofia ngumu na koti la kaki lenye mifuko minne. Minne!

Mzee Muhidini alipomaliza kusoma nikawaona Mwantumu na Bonaventura wakinong'ona, kisha wakacheka. Wanacheka nini? Kiapo changu nakikumbuka vizuri. Kilihusu watu. Hao watu siwashuku hata chembe. Nakishuku kile kicheko.

Jioni nimetembea hadi nyuma ya josho la ng'ombe. Kuna majani makavu yanafika kiunoni, nyumba hakuna karibu, na upepo unakwenda upande wa pili. Moto mdogo tu. Wa kuuzima mara moja, mbele ya mgeni. Nimeuliza shamba lile ni la nani, kwa upole, kama mtu anayepita.

Nimeambiwa ni la Mwenyekiti. Vizuri zaidi. Atakuja kushuhudia kwa haraka.