Kifundo na Kibofu Vimejuana Wapi

Jumatatu, tarehe 6
Nimepewa mashine ya kibofu. Ndogo, inatosha kiganjani. Muuguzi kanibandika vibandiko viwili karibu na kifundo cha mguu. Eti umeme kidogo unapanda na mshipa wa fahamu, unakituliza kibofu. Kifundo na kibofu vimejuana wapi? Nimepapasa mguu mzima, sikuiona njia. Kidole gumba kikawa kinacheza chenyewe. Nimekitazama mpaka chai ikapoa.
Muuguzi anasema nafuu huchukua wiki kadhaa. Mimi nina mpaka Jumamosi. Binti yangu anamaliza chuo cha uuguzi, na kila mzazi anaitwa jukwaani kumvalisha mwanawe kofia. Wakiniita niko chooni, je? Wifi yangu keshasema nisijali, atapanda yeye.

Jumanne, tarehe 7
Wifi kanikuta na waya mguuni. Nikasema ni dawa ya goti. Kumbe naye ana goti. Kakaa na mashine yangu hadi jioni, anasema goti limekuwa jepesi kama pamba.

Jumatano, tarehe 8
Kaja tena, na fundi cherehani jirani yetu. Naye goti. Walipoondoka nikaongeza nguvu kufidia. Mguu ukaruka, ukalipiga beseni la maji, likamwagika. Nikaenda chooni vilevile.

Alhamisi, tarehe 9
Nimempigia muuguzi. Nikibandika miguu yote miwili, si itakuwa haraka mara mbili? Akasema mama, nakuomba, fuata nilivyokuonyesha.

Ijumaa, tarehe 10
Binti karudi nyumbani, kamkuta shangazi yake na waya. Akaniangalia. Nikaangalia dari. Akainama, akasogeza kibandiko, akasema shangazi, hapo hakifanyi kazi. Wifi akasema goti analijua mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 11
Sikunywa hata tone tangu asubuhi. Bado kibofu kikaanza. Mkuu wa chuo anahutubia, mimi nimebana miguu, wifi ananinong'oneza, nenda tu wifi yangu, mimi nipo. Kashajipaka na rangi ya mdomo.
Mara jina la kwanza kabisa likaitwa: la mwanangu. Nimemvalisha kofia kwa mikono yangu. Ilikaa upande, akasema iache hivyohivyo. Kisha akaninong'oneza kwamba chuoni wanaijua mashine ile, na yeye ndiye aliyeomba aitwe mwanzo. Ungesema tu, mama. Nikalia kidogo, nikakimbia.

Jumapili, tarehe 12
Nimemwahidi mwanangu sifichi kitu tena. Wifi kaja, anataka kujua kwa nini binti kaitwa kabla ya wenzake wote. Nikasema kaongoza darasa. Keshawaambia majirani, na jioni wanakuja kuona cheti cha kuongoza. Nimekaa na waya mguuni, nafikiria. Nitasema chuo bado kinakichapa.