Mbavu Zangu na Muuza Vioo

Jumatatu, 4 Agosti
Muuza vioo wa ng'ambo ya barabara kapanga mali yake barazani. Kutoka kwenye cherehani yangu namwona ndani ya vioo vyote kwa pamoja. Wanawake kumi, na hakuna hata mmoja anayenitazama. Nimeshanunua vioo vitatu. Uso ninao mmoja. Dada yangu kauliza kama nafungua saluni.

Jioni nimesikia amejiandikisha mafunzo ya huduma ya kwanza, ukumbi wa shule. Nami nimejiandikisha. Kinyozi wa jirani pia, kwa bahati mbaya. Yeye angalau ana sababu ya kununua vioo, na anaitumia vibaya.

Jumatano, 6 Agosti
Mwalimu wetu ni nesi mstaafu, hana mchezo. Jana nilikaa ubavuni kwa muuza vioo makusudi. Nesi akaamuru waliokaa pamoja watengane, maana ajali haichagui jirani. Kinyozi akapata kumfunga bandeji mkononi. Mimi nikapewa muuza mkaa, mkono kama gogo. Bandeji ilikwisha kabla sijafika kiwiko. Nyuma yangu muuza vioo alikuwa akicheka. Kicheko chake nakijua hata nikikipa mgongo. Nililala nacho.

Leo kaletwa mdoli wa mpira. Muuza vioo akapiga magoti, akaweka viganja kifuani pa mdoli, akasukuma kwa moyo wote. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile, na yule hata si mtu. Kesho, kasema Nesi, ni somo la pumzi. Pumzi! Nikapata wazo.

Alhamisi, 7 Agosti
Sikwenda darasani. Nilikuwa natafuta peremende za mnanaa. Maandalizi kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti
Naandika kwa shida.

Asubuhi niliingia dukani kwake kununua kioo cha nne. Nikashika kifua, nikaanguka taratibu, mbali na vioo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililala kabisa. Akanigonga bega. Akaniita: fundi, fundi, unanisikia? Miaka yote maduka yetu yanatazamana na hajawahi kuniita kwa sauti ile. Nilitamani kuitika. Nikabana pumzi, mdomo wazi kidogo, peremende shavuni.

Mdomo wake haukuja. Vikaja viganja. Kumbe jana, dada kanisimulia baadaye, kasikia mtaani, Nesi aliwaambia watu wa kawaida waachane na habari za mdomo, wasukume kifua tu, kwa nguvu, bila huruma. Na muuza vioo ni mwanafunzi mwema. Kitu kikalia ko! ndani yangu. Nilitaka kusema mimi ni mzima, sikuwa na pumzi ya kusemea. Peremende nikaimeza.

Nesi aliwafundisha pia kupokezana wakichoka. Akamwita kinyozi. Nilipofumbua macho, uso wa kwanza katika maisha yangu mapya ulikuwa wa kinyozi, unanidondoshea jasho. Mtaa ukampigia makofi.

Jumapili, 10 Agosti
Mbavu mbili zina ufa. Daktari kanikataza kucheka. Sina mpango huo.

Mchana kaja muuza vioo mwenyewe, na supu. Dada akatuachia chumba, Mungu ambariki. Akanieleza kwamba marehemu mumewe alianguka pale pale dukani, naye alisimama tu akilia, hajui pa kuweka mikono. Ndiyo maana alijiandikisha. Safari hii mikono ilijua, akasema, akaitazama. Machozi yakamtoka, ya furaha.

Ukweli ulinifika kooni. Lakini alikuwa amekaa kitandani kwangu, ananitazama mimi, bila kioo katikati. Nikaumeza, kama ile peremende. Niliona haya, haya ya kweli, na nikajiapia kwamba sitamdanganya tena mwanamke huyu.

Mlangoni akaniambia nipone haraka, maana wiki ijayo Nesi anafundisha kuzuia damu. Ni rahisi, akasema: unalishika jeraha kwa mikono miwili, unalikandamiza, na huliachii mpaka msaada ufike.

Huliachii!

Nimemwomba dada aniletee mkasi wangu. Navitazama vidole. Hiki cha mwisho, mkono wa kushoto, hakina kazi kubwa kwenye cherehani.