Obiero na Vitambaa vya Kwaya

Jumapili, 10 Agosti
Mama Austine, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama hapa kwetu Mwihoko, ametangaza baada ya ibada: mashindano Thika tarehe ishirini na tatu, magauni mapya, mafundi walete vitambaa Jumanne.

Mafundi! Kila mtu anajua anamaanisha Mutiso, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Miaka mitatu anawashonea. Kitambaa kimoja, buluu iliyokolea, kola nyeupe. Mwaka jana mtu alimuuliza mke wangu kama ni askari jela.

Na mwaka huu Bridget wangu ndiye anaimba peke yake mbele, mara ya kwanza. Ameniambia anaona aibu, mke wa fundi kushonewa na fundi mwingine. Nimemwahidi kazi ni yangu. Amesema nikiharibu, nitajipikia ugali hadi Krismasi.

Sitaharibu. Siri ya biashara ninayo. Watu wanapenda kuchagua!

Jumatatu, 11 Agosti
Thika. Nimeingia kila duka la vitambaa nikiomba kipande cha kuonyesha. Kila mwenye duka nimemwahidi kununua kwake. Mfuko umejaa.

Nikirudi, Mutiso akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia mboga, sukuma wiki. Akasema hajawahi kuona sukuma yenye maua mekundu. Kumbe kipande kilikuwa kinachungulia nje. Mtu mwenye macho ya umbea!

Jumanne, 12 Agosti
Ushindi! Mutiso alitandika buluu yake, akasema imefuliwa miaka mitatu na haijachuja, akaketi. Hotuba hiyo imeisha!

Mimi nilivuta kamba kutoka dirisha la kanisa hadi kwenye spika, nikaanika vyote. Vigelegele! Syokau wa sauti ya kwanza alikanyaga kitambaa cha Mutiso akikimbilia vyangu. Nimepewa kazi kabla Mutiso hajamaliza kukunja chake.

Akanipa mkono, akaniambia pole. Pole ya nini? Wivu huo.

Alhamisi, 14 Agosti
Kulikuwa na neno dogo tu: wachague kimoja.

Mama Austine akasema wapige kura ya mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya kitambaa anachotaka. Wueh! Vitambaa vilikuwa vingi kuliko waimbaji. Hakuna mlolongo uliopita watu wawili. Syokau alihama mara tatu. Sauti ya kwanza wakasema manjano inawafanya wa sauti ya pili waonekane wagonjwa. Wa pili wakajibu kwamba wagonjwa wanajulikana hata bila manjano. Bridget alisimama peke yake nyuma ya waridi, akiangalia zambarau. Hakuna wimbo ulioimbwa.

Nikatoa ushauri. Kama kitambaa kinaleta shida, nitawaongezea uchaguzi wa shingo na mikono, ili kila mmoja apate kitu anachopenda. Mama Austine aliniangalia kwa muda mrefu. Nafikiri alivutiwa.

Jumapili, 17 Agosti
Juzi walikubaliana kijani. Kimechaguliwa kwa sababu hakuna aliyekipenda, kwa hivyo hakuna aliyeshinda mwenzake. Sawa tu, nimenunua.

Sasa ni shingo. Haki ya Mungu, sikujua shingo ya mwanamke ina mambo mengi hivyo. Syokau alitaka ya V. Akaja akataka ya duara. Akarudi akataka kola, halafu mkono mrefu, halafu mfupi. Nimekata na kukata. Gauni lake sasa ni blauzi.

Bridget naye hajachagua. Jana alikaa kitandani na picha zangu zote za mishono, akaanza kulia. Akasema mwanzoni alitaka gauni tu, lolote lisilo la askari jela. Sasa kila shingo anayoishika, anaiwaza ile aliyoiacha. Mazoezi hafanyi, wimbo wenyewe anausahau.

Niliumia. Nampenda huyu mwanamke. Nikatoka mbio nikamletea picha nne zingine.

Jumatano, 20 Agosti
Hakuna gauni hata moja lililoisha.

Leo nimetumia akili. Nimewanong'oneza sauti ya kwanza kwamba wenzao wa pili wote wamechagua shingo ya duara, ili nao wafuate tumalize. Wakasema basi duara hawaitaki hata kuiona. Nikawaendea wa pili kurekebisha. Wakasema kama wale wa kwanza hawaitaki, basi wao ndio hawatakubali nyingine. Yaani, akina mama!

Jioni Mama Austine alipita. Hakuketi. Magauni yasipokuwa tayari kesho kutwa jioni, wataenda Thika na yale ya buluu, na kanisa zima litaambiwa kwa nini.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeamka nikamkuta Bridget akipiga pasi gauni la buluu. Hakunitukana. Angenitukana ningevumilia. Alipiga pasi ile kola polepole, kisha akalitundika mlangoni.

Nikatia kitambaa chote cha kijani kwenye gunia, nikavuka barabara. Mutiso akaniuliza kama ni mboga. Nikasema ndiyo, ni mboga.

Hakuniuliza habari ya shingo. Vipimo vya wote anavyo, miaka mitatu. Akachukua makasi, akakata shingo moja, mkono mmoja kwa wote, na la Syokau akalikata upya kwenye mabaki. Mke wake Kavata anapindia, mimi nashona pembeni kama mwanafunzi wake. Aibu kubwa!

Ijumaa, 22 Agosti
Syokau alikuja kubadilisha mkono. Nikainama nyuma ya cherehani. Mutiso akamwambia mkono ni huu tu. Syokau akasema sawa, akaenda kununua vitunguu.

Sawa! Wiki nzima neno hilo sijalisikia kwake.

Tumemaliza jua likiwa bado liko. Bridget alivaa lake, akajizungusha mara moja, akaanza kuimba akiosha vyombo. Nikasikia wimbo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi, 23 Agosti
Thika! Walisimama wote kijani, wote sawa, wakapendeza. Bridget akatoka mbele. Nimelia, na siandiki uongo humu. Tumekuwa wa pili. Wa kwanza ni wale wa Kalimoni, ambao hata nguo hawana, wana sauti tu.

Mama Austine akaomba fundi asimame. Nikasimama haraka. Nyuma yangu Mutiso naye akasimama, polepole. Bridget alipiga makofi akiangalia nyuma yangu.

Tukirudi nikamuuliza ni shingo gani angependa zaidi kama angepata nafasi. Akaniomba kwa jina la Yesu ninyamaze.

Jumatatu, 25 Agosti
Nimekaa nikafikiri, na nimeelewa. Wamelipenda lile gauni kwa sababu waliona mengine yote kwanza! Bila kamba yangu na picha zangu, wangejuaje kwamba kijani ni kizuri? Mutiso alishona tu. Kazi ya kichwa niliifanya mimi.

Asubuhi nimemwona Mama Austine akitoka kwa Mutiso. Eti magauni ya Krismasi. Atajuta.

Mimi naweka kibao kipya mlangoni: OBIERO, CHAGUA MWENYEWE. Nimemwita Wambua, mchoraji wa Githurai 45. Akaniuliza rangi. Nikakaa chini kufikiri. Nyekundu inaita watu, lakini buluu ina heshima, lakini buluu ni ya Mutiso, na kijani kimetuletea baraka. Chai ikapoa. Bridget akaniwekea chakula cha mchana, akaenda mazoezini akiimba, akarudi, akanikuta palepale na chakula palepale.

Wambua amechoka kungoja, ameenda zake. Ameniacha na mikebe mitatu ya rangi, ati nichague.

Mitatu tu! Huyu naye hajui biashara. Nimempigia simu, kesho aje na rangi zote.