Likizo ya Siku Thelathini Iliyobaki Mbili

Kwa Ndugu Mkuu wa Utumishi,

Leo saa tatu kasoro robo asubuhi, karani wako wa likizo amenitangazia kwamba kati ya siku zangu thelathini za mwaka huu zimebaki mbili. Nilizochukua ni mbili. Katika miaka kumi na tisa ya kuandika habari sijakanusha jambo kabla ya kuuliza, hivyo niliuliza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Profesa, amekiri kwamba zoezi alilowatungia wanafunzi wake ndilo aliloliunganisha na daftari la likizo. Kwa kila siku unayochukua, mtambo hutazama tarakimu ya mwisho ya siku zilizobaki. Ikiwa sifuri, huikata. Ikiwa nyingine, hupunguza moja. Siku ya kwanza thelathini yangu ikawa tatu. Ya pili, mbili. Nilipolalamika alinijibu, "Kaka, sifuri si kitu. Sasa hapo umepoteza nini?"

2. Dereva wetu alikuwa na siku kumi na tisa tu, naye amechukua mbili. Zimebaki kumi na saba. Tangu asubuhi amepita mezani kwangu mara nne, kila mara akiuliza, "Bosi, nikuazime ngapi?"

3. Mdogo wangu wa kike anaolewa Jumamosi. Baba hayupo tena. Mimi ndiye msemaji wa familia. Safari ni siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Kwa siku mbili nitapiga hodi, nitaaga. Mama ameshasema nisipokaa hadi mwisho, nisimpigie simu tena.

Kwa hiyo naomba mtambo huo uzimwe leo hii na karani arudie kuhesabu kwa vidole. Nimevikagua, vyote kumi ni vizima. Ikishindikana, naomba kwa unyenyekevu mnipunguzie likizo ya mwaka iwe siku ishirini na tisa, ili nibakiwe na ishirini na saba.

Nisalimie karani, Profesa, na dereva pia, ingawa yeye hana shida.

Wako kazini,
Mwandishi wa habari za mahakama

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mhariri wangu amenijulisha kwamba mtambo huohuo sasa unahesabu habari tunazodaiwa. Mwezi huu nilidaiwa ishirini. Nimewasilisha mbili, imebaki moja. Hesabu hiyo nimeihakiki, haina kasoro. Ombi la kuuzima nimeliondoa. Tafadhali Profesa asiuguse hadi kesho Jumatano saa nne, nitakapowasilisha hiyo moja.